Koki Ameacha Kusema

Kituo cha Chekechea cha Jiwe Jeusi,
S.L.P. 318,
Voi.

13 Julai 2025

Mpendwa Shangazi Katunge,

Shikamoo, Shangazi. Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote hapa Jiwe Jeusi. Goti linaendeleaje? Binti yako Susan aliniambia sasa unatoka chumbani mpaka jikoni bila fimbo, na kwamba asubuhi za huko Bungoma zina baridi mpaka unalala na soksi. Nilicheka peke yangu. Wewe huyu uliyekuwa ukilalamika hapa kwamba hata shuka ni nzito!

Sisi tu wazima wa mwili. Mume wangu Maundu hajambo, bado yuko na kazi yake ya reli, wiki mbili njiani, wiki moja nyumbani. Mvua ya masika ilitukimbia mapema, mahindi yakakauka yakiwa yamefika kifuani, lakini kunde na pojo tulipata za kutosha kula. Ndovu nao wameanza kushuka mapema. Wiki jana waliangusha tangi la kanisa, lile la kijani, na mchungaji akahubiri Jumapili nzima juu ya uvumilivu, huku macho yake yakiwa dirishani kwenye tangi.

Najua unajiuliza kwa nini naandika na simu iko. Shangazi, Susan huweka simu yako kwenye spika ili usikie vizuri, na nyuma yako huwa nasikia wajukuu, televisheni, na mume wake akiulizia chumvi. Nikiwa na jambo zito najikuta nasema tu watoto hawajambo, kituo kinaendelea, Mungu ni mwema. Nimekuwa nikikwambia hivyo tangu Januari. Nilikuwa nakudanganya. Nisamehe. Barua hii isome mwenyewe, uvae miwani yako, ukae mahali pa kimya.

Ninakuletea mambo mawili. Nianze na Koki, kwa sababu yeye ndiye anayeniumiza zaidi.

Ulipoondoka mwaka juzi, huyu binti wa kaka yangu Sylus alikuwa na miaka mitatu na hakuwa ameanza chekechea. Unamjua tu kama mtoto aliyepewa jina la marehemu mama, na aliyerithi kigugumizi cha baba yake. Sasa nikueleze alivyokuwa mwanafunzi, kwa sababu nilikuwa na furaha naye ambayo sikuwahi kukusimulia vizuri.

Aliingia chekechea kwangu mwaka jana, darasa la PP1. Muhula wa kwanza wote hakusema. Alikaa karibu na mlango, akishika kona ya sketi yangu kila nilipopita. Sikumlazimisha. Muhula wa pili akaanza kusogelea ile kona ya duka uliyoianzisha, yenye pakiti tupu za unga na mizani uliyotengeneza kwa hanga ya nguo na vikopo viwili. Siku moja muuzaji wetu alikuwa mgonjwa wa tumbo, duka likawa halina mtu, na Koki akaingia nyuma ya meza. Muuzaji hana budi kutaja bei. Alikwama kwenye m na kwenye b, vilevile kama Sylus, uso ukakakamaa, jicho moja likajifumba. Wanunuzi wakamsubiri. Hakuna aliyewaambia wasubiri. Ila bila yeye hawangepata unga, basi wakasimama na vikapu vyao mpaka bei ikatoka.

Tangu siku hiyo duka likawa lake. Alipima maharagwe, akabishana na wateja, akamfukuza mmoja aliyetaka kukopa. Kukwama hakukwisha, lakini aliacha kuogopa. Alikuwa akikwama katikati ya neno, anapumua, anaendelea, kama mtu anayeruka mtaro.

Oktoba, ndovu walipita ndani ya uwanja wetu alfajiri. Hawakuvunja kitu, waliacha nyayo tu, kubwa, kwenye udongo uliokuwa umelowa. Watoto walipofika hawakutaka kuingia darasani. Nilikuwa nimeandaa somo la herufi, nikaliacha. Nilikumbuka yale maneno uliyoyaandika kwa mkono wako kwenye karatasi ya manila, ukayabandika juu ya ubao na kuyaita maono ya kituo: mtoto ashike, aulize, ajaribu, ndipo mwalimu afungue mdomo. Basi nikafunga mdomo wangu. Walipima nyayo kwa kamba, wakazipima kwa vijiko, wakazipima kwa miguu yao. Koki akavua viatu, akaketi ndani ya unyayo mmoja kama mtu aliyekaa kwenye beseni, akaniangalia na kuuliza bila kukwama hata kidogo:

“Ticha, kama ni mzito hivi, kwa nini hatukumsikia?”

Tulikaa na swali hilo wiki nzima. Walitembea juu ya majani makavu wakiwa na viatu, kisha bila viatu, kisha wakiwa wamefungwa matambara miguuni, wakifumbana macho na kusikilizana. Kufika Ijumaa walikuwa wamejijibu wenyewe kwamba ndovu ana kitu laini chini ya mguu. Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyepandishwa cheo.

Hudson, yule mwenyekiti wa kamati ya wazazi, alipita siku hiyo akaona watoto wote wako vumbini na matambara miguuni. Akaniuliza, “Mwalimu, kwani leo hakuna masomo?” Nilidhani anatania. Nikacheka.

Desemba ndipo Sylus aliponiambia anamhamisha Koki. Kuna akademia imefunguliwa kando ya barabara kuu, hutaijua, ilikuja baada yako. Ina basi la manjano, watoto wa miaka mitano wanavaa tai, na kila mwezi wanafanya mtihani na kupewa namba. Wazazi wengi wa kwetu wameipenda. Siwalaumu. Mtoto akishuka kwenye basi lile jioni, mtaa mzima unajua anasoma.

Nilimfuata Sylus kazini kwake, pale anapochomelea mageti karibu na soko. Unajua kwa nini aliichagua kazi ile. Mtu akivaa kinyago cha kuchomelea hakuna anayemsemesha. Nilimweleza habari ya duka, na ya nyayo, na swali la Koki. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua glavu, akaanza kunijibu, na mimi nikasubiri kama nilivyozoea kusubiri tangu utoto. Nitakuandikia maneno yake bila kukwama kwake, kwa sababu ni maneno aliyokuwa ameyafikiria muda mrefu.

“Ngina, mimi nilisoma kwa Shangazi,” akasema. “Nilicheza udongo, nilipima maji, nilifurahi sana. Halafu nikaenda darasa la kwanza. Nikasimamishwa mbele ya watoto arobaini nikaambiwa nitaje jina langu. Nilikaa na hilo jina mdomoni mpaka kengele ikalia. Hakuna aliyeniuliza habari ya maji.”

“Lakini Koki anasema,” nikamwambia. “Kwangu anasema.”

“Kwako, ndiyo. Wewe ni shangazi yake. Dunia yote si shangazi zake.”

Akaongeza kwamba yeye hakunyooshwa akiwa mdogo, ndiyo sababu amebaki vile, na kwamba mwanawe atanyooshwa mapema kabla mfupa haujakomaa. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuomba umwelewe. Halafu akavaa kinyago chake, na cheche zikaanza kuruka, nikaondoka.

Ningefanya nini, Shangazi? Yeye ndiye baba. Wakesho, mke wake, alikuwa upande wangu, lakini Wakesho ni mpole, na alisema hawezi kumpinga mumewe kwa jambo ambalo yeye mwenyewe hajui mwisho wake. Hata mimi sikuujua.

Januari Koki akavaa tai. Wiki ya kwanza alipita nyumbani kwangu kunionyesha. Alikuwa na fahari nayo, sitaki kusema uongo. Kufika Machi, Wakesho akaanza kuniletea habari. Kwamba kila siku kabla ya mapumziko mtoto husoma kwa sauti sentensi ya ubaoni, kwa Kiingereza, na asiyemaliza anabaki ndani. Kwamba Koki anabaki ndani. Kwamba ameanza kukojoa kitandani, jambo aliloliacha akiwa na miaka miwili. Kwamba nyumbani akitaka maji anaelekeza kidole.

Nilikwenda pale akademia. Mkurugenzi alinipokea vizuri, akanipa kiti, akaniuliza mimi ni nani kwa mtoto. Nilipomwambia ni shangazi akasema basi baba yake aje, wazungumze. Hakunidharau. Alinifungulia daftari la Koki, akanionyesha namba zimeandikwa safi mpaka mia moja na hamsini.

“Kule kwenu alikuwa anaandika mpaka ngapi, Mwalimu?” akaniuliza.

Koki alipoondoka kwangu alikuwa anaandika mpaka tisa, na ile tisa ilikuwa inatazama nyuma. Alikuwa anajua kikombe kidogo kinaingia mara ngapi kwenye kikubwa. Alikuwa anajua kwa nini ndovu hasikiki. Nilitaka kuyasema hayo, lakini mbele ya lile daftari yalionekana madogo hata kwangu. Nikamwambia tisa.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Jumamosi ya tarehe 21 Juni akademia ilikuwa na siku ya wazazi. Walifunga hema mbili, wakakodi vipaza sauti, na kila mtoto wa PP2 akapewa maneno yake ya kusema. Koki alipewa maneno manne tu ya Kiingereza, ya kuwakaribisha wazazi.

Wakesho aliniambia, na nataka ulijue hili kuhusu Sylus, kwamba kwa wiki mbili kila jioni alirudi mapema kutoka kazini, akaketi na mwanawe kwenye ngazi ya mlango, wakayafanyia mazoezi maneno yale manne. Wote wawili. Mmoja akikwama, mwingine anaanza upya. Mpaka siku moja Koki akayaimba. Akayatia kwenye ule wimbo wa kunawa mikono tunaouimba hapa kituoni, na yakatoka yote kama maji. Sylus naye akajaribu kuyaimba, yakatoka. Wakesho anasema walicheka mpaka majirani wakachungulia. Hajawahi kumwona mumewe akicheka hivyo.

Basi siku ilifika. Koki alikuwa amesukwa vizuri, soksi nyeupe, tai imekazwa. Sylus na Wakesho walikaa safu ya tatu, mimi safu ya tano, nyuma yao kidogo. Mtoto akapelekwa mbele, kipaza sauti kikashushwa mpaka mdomoni mwake. Akavuta pumzi. Akaanza kuimba.

Mwalimu wake, binti mdogo tu, nafikiri hata miaka ishirini na mitatu hajafika, akainama akamgusa bega, akamwambia kwa upole, lakini kipaza sauti kilibeba maneno yake mpaka kwetu: “Hapana, usiimbe. Sema.”

Koki akamtazama. Akageuka akatutazama. Akafungua mdomo na neno la kwanza likamshika. Uso ukakakamaa, lile jicho likajifumba. Kipaza sauti kikawa kinatoa ile pumzi yake ya kukwama, kubwa, ikajaza hema zote mbili. Watu wakaanza kucheka. Si kicheko kibaya, Shangazi, ni kile cha watu wazima wakiona mtoto mdogo ameona haya. Lakini yeye angejuaje tofauti?

Hapo Sylus akasimama.

Nilijua anataka kusema nini. Alitaka kusema, “Mwacheni aimbe.” Maneno mawili. Akanyoosha mkono, akafungua mdomo, na ile m ikamshika. Watu wakageuka kumtazama. Akawa amesimama pale, mtu mzima, mikono yake ina makovu ya cheche, shingo imevimba, na sauti ile ile inayotoka kwa mwanawe mbele ikawa inatoka kwake huku nyuma. Kicheko kikakatika. Watu walipoelewa, wakatazama chini. Koki peke yake ndiye hakutazama chini. Alikuwa anamtazama baba yake.

Mimi nilikuwa safu mbili nyuma na sentensi nzima nilikuwa nayo mdomoni. Ningeweza kusimama nikaisema. Ingechukua sekunde moja. Lakini Shangazi, unakumbuka nilivyokuwa nikimmalizia Sylus maneno tulipokuwa watoto? Siku moja, nafikiri nilikuwa na miaka minane, alinivuta nyuma ya choo, akanishika mikono yote miwili, akaniapisha kwamba sitamsemea tena, hata akikwama mpaka jua litue. Nimekishika kiapo hicho miaka ishirini na mitano. Nilikishika na siku ile. Mpaka leo sijui kama nilimheshimu au nilimtupa.

Mtu fulani akasema, “Kaa, mzee, hakuna neno.” Sylus akakaa. Kipaza sauti kikapandishwa kikapewa mtoto mwingine, akasema maneno yake yote bila kosa, tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Tangu siku hiyo Koki hajasema. Leo ni siku ya ishirini na mbili. Mwanzoni alikuwa anamnong'oneza mama yake sikioni, sasa hata hilo ameacha. Wakesho alimpeleka hospitali. Masikio yake ni mazuri, koo halina kitu. Wametuandikia barua ya kwenda Mombasa kwa mtaalamu wa watoto wa namna hiyo, na nafasi iliyopatikana ni ya Septemba. Basi tunaisubiri Septemba.

Na bado anakwenda akademia. Nilimsihi Sylus, Shangazi. Nilimwambia nirudishie, hata kwa muhula mmoja tu, akae karibu na mlango ashike sketi yangu kama zamani. Hakunikasirikia. Alisema, “Nikimtoa sasa, atajifunza kwamba ukikwama unatolewa. Mimi nilitolewa kila mahali.” Na mimi nilipokwenda kulala nililigeuza neno hilo huku na huku nione alipokosea, sikupaona. Labda hajakosea. Hilo ndilo linaloninyima amani. Laiti angekuwa baba mbaya ningejua wa kugombana naye.

Jana Wakesho alikuja naye hapa. Kabla hawajafika nilikuwa nimetandaza vitu barazani, ile mitego yangu ya kitoto: beseni la maji, vikombe vikubwa na vidogo, funeli, kibuyu. Nilijifanya nina shughuli zangu. Koki akavitazama, kisha akanitazama mimi, vile mtu mzima anavyomtazama mtu anayejaribu kumdanganya lakini hataki kumwaibisha. Akaketi, akaviosha vikombe vyote kimoja kimoja, akavifunika kwenye kichanja vikauke, akarudi kusimama karibu na mama yake.

Nilisema ninakuletea mambo mawili. La pili ni kituo chenyewe.

Ulituachia watoto arobaini na mmoja. Tulipofungua Januari walikuwa ishirini na wanne. Sasa ni kumi na watatu. Jumatano iliyopita Hudson aliita mkutano wa kamati. Nataka umtendee haki Hudson. Ni mtu anayekipenda kituo, ndiye aliyesimama mwenyewe juu ya paa mwezi wa nne kupigilia mabati yaliyong'olewa na upepo, na mjukuu wake bado yuko kwangu. Alisema wazazi wanataka kuona kitu cha kuonekana. Kuanzia muhula wa tatu madawati yatapangwa safu, kutakuwa na mtihani kila mwezi na namba, na kona ya duka, mchanga na vikombe vitaingia stoo, kwa muda, alisema, mpaka watoto warudi.

Nilisimama nikayatetea maono ya kituo. Nilizungumza vizuri, nafikiri. Niliwaeleza kwamba mtoto anayeshika kitu na kukiuliza hasahau, niliwaeleza habari ya nyayo. Waliniacha nikamaliza. Kisha mzazi mmoja, mama mwenye sauti ya chini kabisa, akaniuliza, “Mwalimu, na yule mtoto wa ndugu yako mwenyewe anasoma wapi?”

Niliketi. Mkutano ukaendelea bila mimi, ingawa mimi ndiye katibu na mkono wangu ndio ulioandika kila kitu. Hudson akaniomba niiteremshe ile manila yako polepole isichanike, ili ukisikia usiudhike. Niliiteremsha Ijumaa watoto walipokwisha kwenda nyumbani. Ukutani pamebaki mstatili mweupe kuliko ukuta mwingine. Watoto wataniuliza kesho.

Nimefikiria kuacha kazi, lakini nikiacha, wale kumi na watatu watakaa na mtu ambaye hata hajui kilichomo stoo. Nikibaki, mimi ndiye nitakayewakataza kuinuka kwenye madawati. Inaelekea nitabaki. Si kwa ujasiri, usinisifu. Ni kwamba sijui mahali pengine pa kwenda asubuhi.

Karatasi inakwisha. Nisalimie Susan na mume wake, na wale wajukuu wapiga kelele, uwaambie shangazi yao wa Voi anawasikia kwenye simu kila mara. Maundu anakusalimu sana, anasema ukipata nafuu atakukatia tiketi ya treni kutoka Nairobi mwenyewe. Wakesho anakusalimu, na anaomba umkumbuke Koki kwenye maombi yako kwa jina. Sylus pia. Nilimwambia jana kwamba nakuandikia, akaanza kusema “mwambie,” akakwama hapohapo kwenye mwanzo. Nilisubiri. Baada ya muda akatikisa mkono, akaondoka. Kwa hiyo sijui alitaka nikwambie nini.

Shangazi, sikuandikii ili unipe shauri. Nimepewa mashauri ya kutosha, na mengine ni mazuri. Nina ombi moja tu. Ulifundisha hapa miaka ishirini na sita. Sisi walimu wadogo ulitusimulia habari za watoto waliofunguka mikononi mwako, mmoja baada ya mwingine, na tukadhani kazi iko hivyo. Hukutusimulia hata siku moja juu ya mtoto uliyemwona akifungika, ukamwita, ukamchezea, na bado akakuponyoka. Lazima alikuwepo. Niandikie jina lake, hata bila maelezo yoyote, ili nijue wewe uliamkaje kesho yake ukaenda kufungua mlango wa darasa. Na kama jina lenyewe ni Sylus, liandike tu. Nitalisoma nikiwa peke yangu.

Mungu aukaze mguu wako, akupe usingizi mzuri katika baridi hiyo, na akuweke mpaka tuonane uso kwa uso.

Mimi mwanao nikupendaye sana,

Ngina